Tawi Lisiloua

1

Asubuhi ile Mti ulifanya jambo ambalo miti haifanyi. Matawi yake mawili, yaliyoachana tangu mwanzo wa ugonjwa, yalirudi yakakutana na kuwa moja.

Nilidhani mtambo umeharibika. Nikauzima, nikauwasha tena. Mti ukaota upya kutoka sakafuni kama ulivyozoea, shina la mwanga likipanda taratibu hadi kwenye boriti za paa, likatawanya matawi na vitawi mpaka ukumbi mzima ukajaa. Na palepale, usawa wa kifua changu, matawi mawili mekundu yakapinda, yakatafutana kama vidole vya watu walio gizani, yakashikana. Mahali yaliposhikana pakachipua tawi jeupe.

Nikakaa chini.

Kituo chetu kilikuwa ndani ya kiwanda cha chai cha Nyalumbu, kilichofungwa zamani, kabla ya homa ya ukungu kuanza. Kuta bado zilinuka majani makavu. Nje, chai iliyoachwa bila kukatwa ilikuwa imekua ikawa msitu, na ukungu ulilala juu yake tangu alfajiri hadi adhuhuri, ukiingia hata ndani kwa madirisha yaliyovunjika. Kila mtu ndani ya uzio, mgonjwa na mzima, alivaa bangili. Bangili ilinyonya jasho la mvaaji, ikasoma virusi vilivyomo, ikatuma usomaji wake kwenye Mti. Aliye hai alionekana kama nukta nyeupe. Akifa, nukta yake iligeuka nyekundu. Hakuna aliyebonyeza chochote. Tulikuwa tunakunywa chai huku nukta zikigeuka.

Niliutengeneza Mti ule mwenyewe, mimi Gaudensi Kikoti, na sikuona haya kulisema hilo mbele ya yeyote. Kirusi ni maandishi marefu ya herufi nne tu. Kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale. Mtoto hurithi kosa la mzazi, naye huongeza lake. Ni kama utenzi unaofundishwa kwa mdomo: mwalimu akiangusha mizani katika ubeti fulani, wanafunzi wake wote wataiangusha palepale, na kwa kosa hilo utajua walisoma kwa nani. Mti ulisoma makosa. Kwa makosa ulijua nani alimwambukiza nani, hata kama wenyewe walikana mbele ya padri.

Daktari Shekiondo, mkuu wa kituo, aliingia na kikombe mkononi.

"Mti wako umelewa ulanzi leo," alisema.

"Haulewi, Daktari. Tazama lile tawi jeupe. Tazama vizuri."

Akalitazama. Alikuwa Msambaa mnene, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha tangu ujana. Nikamwona akihesabu kimoyomoyo, kisha akaacha kuhesabu.

"Mbona hakuna nyekundu?" akauliza.

Hilo ndilo lililonikalisha chini. Homa ya ukungu ilikuwa ikiua mmoja kati ya kila wawili. Ilipasua mishipa midogo ya damu, na watu wakafa na michubuko mwili mzima kama waliopigwa na mtu asiyeonekana. Kila tawi la Mti lilikuwa limejaa wekundu. Lile moja lilikuwa jeupe kuanzia shinani hadi nchani.

"Wana undugu hawa wa tawi jeupe?" Shekiondo akauliza.

"Hawana. Si ukoo, si kanisa, si soko. Jambo moja tu: kila nyumba ilikuwa na msiba."

"Lakini tulipiga marufuku. Niliandika sharti mwenyewe. Ndugu wa marehemu asimguse maiti wala nguo zake."

"Na ndugu hawakugusa."

Nilimwona akielewa, na nilimwonea huruma kidogo, maana hata kwao Usambaani hakuna mtu anayezikwa na ndugu peke yao.

"Watani," alisema hatimaye, akakiweka kikombe chini. "Masikini. Walilitii sharti langu. Wakamwita mtani."

2

Babu zetu Wahehe na babu zao Wangoni waliuana vitani mpaka wakachoka, na uchovu ule ndio uliozaa utani. Mngoni akifika msibani kwetu ana ruhusa ya yote. Huvaa koti la marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, humgombeza mjane kwa sauti ileile ya mumewe, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka na kamasi zikiwatoka. Msiba usio na mtani kwetu ni chakula kisicho na chumvi.

Nyalumbu ilikuwa na Mngoni mmoja hodari wa kazi hiyo, Otmari Luambano, aliyekuwa fundi wa mashine za kiwanda. Katika juma moja alivaa makoti ya marehemu wawili wa matawi mawili tofauti. Virusi viwili ambavyo visingekutana popote vilikutana ndani ya mwili wake, vikabadilishana kurasa. Yeye ndiye aliyekuwa ile sehemu ambapo matawi yalishikana.

Nilimkuta juu, kwenye ghorofa ambako zamani majani ya chai yalitandazwa yanyauke. Ni ukumbi mkubwa kama kanisa. Tulikuwa tumeugawa kwa ukuta wa nailoni, na vitanda tulivipanga mbali mbali kama inavyotakiwa. Nilipofika nikaona vitanda vyote vimesukumwa pamoja kwenye kona moja, watu wote wa tawi jeupe wamekaa juu yake, mabega yakigusana. Sehemu nyingine yote ya ukumbi ilikuwa tupu.

Walinigeuzia nyuso wote kwa wakati mmoja.

"Ameingia mla mbwa!" Otmari akasema. "Ficheni vijibwa vyenu, jamani."

"Na wewe mla panya, hujafa tu?"

"Nikifa mimi, wewe atakuzika nani? Siku yako nitavaa hiyo miwani, nitembee hivi." Akateremka kitandani, akatembea na pua juu, mikono nyuma, akitazama kitu cha mbali ambacho watu wa kawaida hawakistahili. Nilikuwa mimi mtupu.

Wenzake wakacheka. Kicheko kilianza kwa wote papo hapo, kikakatika kwa wote papo hapo, kama mtu aliyefunga bomba.

Nilijilazimisha kuuliza maswali ya kazi. Homa ilianza lini, iliisha lini, damu ilitoka?

"Homa ilinishika, ikanichoka, ikaondoka," alisema. Alikuwa amekaribia ukuta wa nailoni na kuweka kiganja chake juu yake. Niliona kwamba nailoni yote, kwa upana wake, ilikuwa na alama za viganja. "Halafu ikaja hii nyingine."

"Ipi?"

"Kiu ya watu." Hakuwa anatania tena. "Mke wangu amefariki siku nyingi, nimeishi peke yangu, nikauzoea upweke mpaka nikaupenda. Sasa nikikaa mwenyewe naona kama nimeusahau mkono wangu mahali, na sijui ni wapi. Nikimshika mtu, unarudi."

"Na hawa wenzako?"

"Waulize."

Sikuwauliza. Nilikuwa nimeona jambo lingine. Ukuta wa nailoni ulikuwa unavimba kuja kwangu, kisha unanywea kurudi kwao. Unavimba, unanywea. Nikatafuta upepo unatoka wapi. Hakukuwa na upepo. Watu wale wote walikuwa wanapumua pamoja.

"Mnanitoa lini?" Otmari akauliza. "Igunda kuna msiba. Mzee Mhema amekufa kwa uzee wake, si kwa hii homa. Wameniita. Bila mimi watamzika mzee wa watu kama gunia la viazi."

"Ni wewe unayetaka kwenda, Otmari? Au ni hicho kilichomo ndani yako?"

Akafikiri. Kiganja chake hakikutoka kwenye nailoni.

"Hilo ni swali la mtu aliyeshiba," alisema. "Mtu mwenye njaa, ni yeye anayetaka ugali au ni tumbo?"

3

Nilikisoma kirusi cheupe herufi kwa herufi. Kipande ambacho kirusi chekundu hutumia kupasua mishipa ya damu hakikuwepo. Kilipotea wakati wa kubadilishana kurasa. Mahali pake palikuwa na kipande kilichotoka kwa mzazi wa pili, kikiwa kimebadilika kidogo, na kipande kile kilifungua mlango wa seli za neva. Kirusi kilikuwa kimeacha damu, kimepanda kichwani.

Hakikufanya hivyo kwa huruma. Kirusi hakina huruma, hakina hata akili. Hujaribu tu, kwa kukosea, mamilioni ya mara, na kosa linalosafiri mbali ndilo linalobaki. Kirusi chekundu kilikuwa kinawaua wabebaji wake, na maiti hamsalimii mtu. Kirusi cheupe kilimwacha mbebaji wake hai, kikampa hamu ya kushikana mikono.

Na kilikuwa kinga. Baadhi ya watu wa tawi jeupe walikuwa wamewauguza wagonjwa wekundu, wakalala nao kitanda kimoja, na bangili zao hazikuonyesha hata chembe ya kirusi kingine.

"Sasa uoteshe mbele," Shekiondo akasema.

Mti uliweza kuota mbele ya wakati ukiombwa. Matawi ya kesho yalikuwa ya kijivu, membamba, yakitetemeka, kwa kuwa hayakuwa na uhakika. Tuliyatazama yakitambaa nje ya uzio, yakafuata barabara ya mnadani, yakavuka bonde, yakafika Igunda. Pale hayakutetemeka tena. Yakatulia na kuanza kutia nukta, nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ya pili nukta iliiva polepole ikawa nyekundu.

Mama yangu alikuwa anakaa Igunda.

"Chanjo?" nikauliza, ingawa jibu nililijua.

"Itafika kuwachanja watakaokuwa wamebaki." Shekiondo alikaa juu ya kreti tupu. "Sikiliza, kijana. Otmari ameitwa msibani. Tumfungulie lango aende. Amsalimie kila mtu kama anavyosalimia siku zote. Basi. Hakuna haja ya kutangaza."

"Kama ng'ombe wa josho."

"Ng'ombe wa josho hafi kwa kupe."

"Wala haulizwi! Daktari, wale ni watu. Huwezi kumwingiza mtu kitu kichwani, kitu kitakachomwambia nani wa kumpenda, halafu ukakaa kimya kwa sababu hesabu yako ni nzuri."

"Ukiwauliza watakimbia. Na huko watakakokimbilia ndiko tawi jekundu linakotokea." Akanyanyua macho yake yaliyochoka. "Mama yako yuko kule, Gaudensi. Mimi nayasema haya kwa niaba yako, ili wewe usilazimike kuyasema."

"Usimtumie mama yangu kama fimbo."

Lango lilifunguka kwa bangili mbili tu kwa pamoja, yake na yangu. Tulikuwa tumeweka hivyo wenyewe, ili mtu mmoja asije akapatwa na wazimu akalifungua peke yake. Tulisimama pale langoni kwenye ukungu, Otmari kati yetu akiwa ndani ya mavazi ya plastiki kama samaki aliyefungwa sokoni.

"Nitaenda naye," nilisema. "Na nitawaambia kila kitu. Wakikataa, narudi naye."

"Wewe na kiburi chako."

"Ndiyo. Mimi na kiburi changu."

Shekiondo akaweka bangili yake kwenye kitasa. "Waambie," alisema. "Halafu utaona watakufanyia nini na huo ukweli wako."

4

Njia ya Igunda ilipita katikati ya chai iliyoota mwitu, ndefu kuliko mtu. Otmari alitangulia, yale mavazi ya plastiki ameshayavua, mimi nyuma nikiwa na barakoa na glavu. Nilimwambia abaki mbali nami, umbali wa mtu kutupa jiwe. Akaitikia vizuri. Lakini kila ukungu ulipofunga na kufunguka tena, alikuwa karibu zaidi.

"Otmari! Sogea mbele!"

"Samahani, mla mbwa. Ni miguu."

Ukungu ukafunga. Ulipofunguka alikuwa amesimama njiani ananisubiri, mikono ameinyoosha kidogo kutoka ubavuni, mwenyewe hajui.

Tulifika kwa Mzee Mhema mchana. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani na mlangoni, ndoo za ulanzi katikati na vikombe vya mwanzi. Walipomwona Otmari wakapiga kelele za furaha. Mtu mmoja alishatoa koti la marehemu ndani, analikung'uta.

"Asimsogelee mtu!" nilipiga kelele.

Nikazungumza. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, na niliyasema vizuri. Sijawahi kuzungumza vizuri vile. Niliwaeleza kuhusu jekundu linalokuja na jinsi linavyoua. Niliwaeleza kuhusu jeupe, kwamba halijaua mtu na kwamba linakinga. Kisha nikawaeleza ile kiu. Sikuificha. Niliwaambia kuhusu vitanda vilivyosukumwa pamoja, kuhusu kicheko, kuhusu pumzi.

Mbuzi alilia nyuma ya nyumba.

"Kwa hiyo tutapenda watu," mzee mmoja akasema. "Hata huyu jirani yangu anayehamisha mpaka wa shamba?"

"Hata yeye, baba."

"Basi afadhali nife."

Wakacheka, kicheko chao wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Niliposikia kicheko kile kibovu, kisicho na mpangilio, moyo uliniuma.

Kijana mmoja akasimama. "Kwa maneno mafupi umetuletea ugonjwa."

"Nimewaletea mdogo wake ule unaokuja. Mkubwa hatawauliza."

Ndipo mama yangu akatoka katikati ya wanawake. Alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana, na akisimama yeye wengine hukaa. Khanga ameifunga kiunoni kwa ajili ya kazi, mikono ina unga.

"Kamwene, mama," nikasema.

"Kamwene. Toa hicho kitambaa usoni nikuone."

"Siwezi, mama."

"Basi na mimi siwezi kukusikia." Akaifuata ndoo ya ulanzi, akachota kikombe, akakishika mbele yangu kwa mbali. "Gaudensi, wewe umezaliwa hapa au umeokotwa mjini? Hapa kwetu anayemimina ndiye anayeonja kwanza. Hata awe padri. Anaonja, tunamtazama koo, ndipo tunapokea. Wewe umekuja na mtungi, unatuhubiria tunywe, na mdomo wako umeufunga kitambaa."

Nilikuwa nimejiona mtu mwema njia nzima kwa sababu nilikuwa naenda kusema kweli. Nilikuwa nimeotesha matawi ya kila mtu wa Igunda, nyumba kwa nyumba, na sikuwahi hata mara moja kuotesha la kwangu.

"Na nikionja?" nikauliza.

"Tutakutazama. Nimekuzaa mimi, nitajua kama aliyebaki ni wewe. Akiwa ni wewe, tutakuja tukushike mkono. Asipokuwa wewe, tutalisubiri hilo jekundu na majembe yetu, tuzikane mpaka wa mwisho." Akageukia watu. "Au nimesema vibaya?"

Hakuna aliyesema amesema vibaya.

Nikavua barakoa. Hewa ya ukungu ilikuwa baridi, tamu. Nikavua glavu. Otmari alikuwa amesimama peke yake karibu na lile koti la marehemu ambalo hakuna aliyemkabidhi, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ulikuwa na hofu.

"Kijana, usije," alisema. "Nakuambia kweli mtani wangu, mimi sijui tena lipi ni langu na lipi si langu. Usije."

Na wakati mdomo wake unasema hivyo, mkono wake ulikuwa tayari umenyooka.

Nikaushika. Ulikuwa mkono wa fundi, mgumu, wa moto kidogo. Hakuna kilichotokea. Mama aliutazama mshikano ule kama anavyotazama koo la anayeonja ulanzi.

5

Waliniweka kwenye kibanda cha kulindia mahindi, mwisho wa shamba la mama. Otmari walimpa banda upande wa pili wa kijiji. Mzee Mhema alizikwa bila mtani, nami nilisikia kutoka mbali jinsi watu walivyolia bila kucheka hata mara moja.

Homa ilikuja, ikanitikisa, ikaondoka. Niliamka nikiwa mwepesi, kichwa kimetulia kama maji ya kisima. Nikajikagua kama fundi anavyokagua mashine. Jina langu nililijua. Hesabu nilizijua. Nilikumbuka makosa ya kila tawi la Mti. Nikafurahi, nikasema, Gaudensi, umeshinda.

Kisha mama akaja, akaweka kigoda chake ng'ambo ya mfereji wa maji, na mwili wangu wote ukageuka kumwelekea kama jani linavyogeukia jua.

Siwezi kuieleza kiu ile kwa asiyekuwa nayo. Haikuumiza. Ilikuwa kama kukumbuka. Kama vile watu wote tulikuwa mtu mmoja zamani, tukakatwa, na kidonda kimekuwa kinawasha tangu hapo bila sisi kujua kinachowasha ni nini.

Mama alikuja kila siku. Hakunijaribu kwa maswali ya utotoni. Alisema mwizi aliyeingia ndani ya nyumba anaweza kukuambia vyombo viko wapi. Alizungumza tu. Alinisimulia ugomvi wa chama chao, nani hakuchanga, nani alipika ugali mbichi. Aliniudhi makusudi ili nione kama nitaudhika. Niliudhika. Alitikisa kichwa na kwenda zake, bado hajaridhika.

Halafu asubuhi moja alikuja na watu. Walisimama nyuma yake kwenye ukungu, kijiji kizima, kimya. Kigoda hakuja nacho.

"Hilo jekundu limeshuka bondeni," alisema. "Wamekufa watu kwenye nyumba za darajani. Hatuna kesho nyingine ya kukutazama. Niambie wewe sasa, mwanangu. Ni kitu kizuri?"

Nikafungua mdomo.

Maneno yalikuwa tayari yamejipanga. Kuhusu mishipa ya damu iliyosalimika. Kuhusu watoto ambao wangeishi. Kuhusu ndugu kumpenda ndugu, na je, si hilo ndilo tunaloimba kila Jumapili? Yalikuja kwa mizani, kwa vina, yakitiririka, na yote yalikuwa kweli. Na hapo ndipo nikaogopa. Maishani mwangu maneno hayajawahi kunijia matamu vile bila mimi kuyatolea jasho.

Mkono wake ulikuwa umelala juu ya khanga, wenye unga kwenye kucha. Sikuweza kuangalia kingine.

Nikajiuma ulimi mpaka nikaonja damu.

"Usiniulize mimi, mama," nilisema. "Sasa hivi nitakuambia lolote ili unishike mkono. Lolote. Nitakudanganya. Kamuulize Shekiondo, kaulize namba, kamuulize ambaye hana kitu hiki. Lakini mimi usiniamini."

Kuyasema kulikuwa kama kusukuma mlango ambao watu wote niliowahi kuwapenda wanausukuma kutoka ng'ambo.

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukalegea, machozi yakamshuka bila sauti.

"Ni yeye," aliwaambia watu. "Mgonjwa anayefunga mlango anaoulilia ni mtu mwenyewe. Huyu ni wangu."

Akapandisha khanga, akaingia mferejini, akavuka. Akanishika mkono.

Mungu wangu. Sijui niseme nini juu ya hilo. Kila kitu kilichokuwa kimepotea kilirudi mahali pake.

Ni wakati nikiwa nimeushika, uso wangu begani kwake, kiu imetulia, ndipo nilipoona nilichokifanya. Siku zote zile mama alikuwa amekataa kila nilichosema. Alikataa kumbukumbu zangu, akakataa hasira zangu. Hakuna hoja ambayo ingemvusha mfereji ule, hata moja, isipokuwa ile niliyoitoa, ya kwamba asiniamini. Na kirusi hujaribu tu. Hujaribu hiki, hujaribu kile, na kinachosafiri ndicho kinachobaki.

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Nikainua kichwa niwapigie kelele wale wa ng'ambo wasubiri, wafikiri, warudi nyuma hatua moja tu.

Walikuwa wameshaanza kuvua viatu ukingoni mwa mfereji. Na mimi, bila sauti kutoka, nilikuwa nawanyooshea mkono wa pili.